Mfadhili Aliyemlipa Mhasibu

Ruzuku iliyobadilisha maisha ya kikundi chetu haikulipia onyesho hata moja. Ililipia mhasibu. Wenzangu walinuna waliposikia. Tulikuwa tukiigiza kwa vipaza sauti vya kuazima, gari la kukodi likitulaza njiani Muheza, halafu anatokea mtu na fedha zake anataka tumwajiri binti wa kukaa mezani na kikokotoo. Mpiga ngoma wetu akauliza kwa sauti, "Sasa huyo atahesabu nini?" Tukacheka wote, maana benki kweli hakukuwa na kitu.

Afisa wa mfuko uliotoa fedha hiyo hakucheka. Alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyekaa kwenye benchi letu la mazoezi tangu asubuhi bila kuuliza swali hata moja la viashiria, vile vipimo vya mafanikio ya mradi. Akaniambia, "Mwalimu, nimekuangalia. Wenzako wameanza mazoezi saa tatu, wewe umeingia saa saba. Ulikuwa wapi?" Nilikuwa chumba cha pili nabandika risiti za mradi kwenye karatasi, maana zilitakiwa Dar es Salaam kabla ya Ijumaa. "Basi hapo ndipo fedha yangu iende," akasema.

Naandika haya kwa wenzangu wanaoongoza asasi ndogo za sanaa, na kwa yeyote mwenye fedha anayefikiria kutusaidia. Nimewaona wafadhili wengi wakija na kuondoka, na nina maoni yangu.

Sisi tupo Ngamiani, Tanga mjini. Tunafanya maigizo shirikishi. Tunakwenda kijijini, tunakaa na watu siku kadhaa, tunasikiliza, tunatunga mchezo kutokana na yaliyosemwa, tunauonyesha kwenye uwanja wa shule au penye gulio. Mambo yanapofika pabaya tunausimamisha mchezo na kuuliza: hapa wewe ungefanyaje? Anayejibu haruhusiwi kujibu akiwa amekaa. Anaingia uwanjani, anachukua nafasi ya mwigizaji, anatuonyesha. Kazi hii hatukuivumbua sisi. Mapema miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando na Amandina Lihamba wakiwemo, walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, wakafanya sanaa za maonyesho pamoja na wanakijiji ili wajadili matatizo yao wenyewe. Wanafunzi wao wakafundisha wengine, na sisi tukaokota kwa hao wengine.

Sasa fedha za kazi hii huwa zinakujaje? Mara nyingi zinakuja kwa mradi wa mwaka mmoja. Unaandika andiko, unajaza lile jedwali la malengo, matokeo na viashiria, unasaini, unasubiri awamu ya kwanza. Kwenye bajeti msanii analipwa siku ya onyesho tu. Siku za kukaa kijijini, za kusikiliza, za kutunga na kuvunja na kutunga tena, hazina kifungu. Halafu watu wanashangaa kwa nini maigizo yote ya miradi yanafanana: baba mlevi, mama analia, mtoto kaacha shule, na mwishoni anaingia daktari kutoa hotuba. Yanafanana kwa sababu mchezo huo unaweza kuutunga ndani ya daladala ukiwa njiani kwenda kuuonyesha.

Na kodi ya ofisi? Gharama za uendeshaji zinawekewa ukomo, kiasilimia kidogo tu, kana kwamba anayesimamia fedha anaishi kwa upepo. Wakati huohuo kazi ya kuzisimamia inaongezeka kila mwaka. Asasi inasajiliwa chini ya Sheria ya NGO ya 2002. Kanuni za 2018 zikaleta sharti kwamba mkataba wa fedha zaidi ya shilingi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10, na mapato na matumizi yatangazwe hadharani. Marekebisho ya 2019 yakawataka waliojisajili kama kampuni zisizogawana faida, na vikundi vingi vya sanaa vilikuwa humo, wahamie kwa Msajili wa NGO. Ongeza TRA, ongeza NSSF, ongeza mkaguzi wa hesabu, ongeza risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi, ambayo mfadhili anaidai hata kwa mama anayetupikia wali na samaki Kipumbwi. Huyo mama anapikia chini ya mwembe. Mashine ataiweka wapi?

Mimi sipingi uwazi. Fedha ya watu lazima ionekane imekwenda wapi, na kwenye sanaa nako wezi wapo. Ninachosema ni kwamba anayeagiza hesabu safi alipie na anayeziandika. Binti yetu alipokaa kwenye kiti chake, mambo mawili yalitokea. Nilirudi uwanjani kuongoza mazoezi. Na ilipofika zamu ya mkaguzi, vitabu vilikuwa tayari, taarifa ikatoka bila dosari, na taarifa hiyo ndiyo iliyotufungulia milango kwa mifuko mingine ambayo zamani haikuwa ikijibu hata barua zetu. Yule mpiga ngoma siku hizi ndiye wa kwanza kuuliza kama mshahara wa mhasibu umetoka.

Jambo la pili nililojifunza kwa mama yule linahusu fulana.

Tulikuwa na mradi wa kupinga uvuvi wa baruti huko Pangani. Pwani ya Tanga iliteswa na mabomu kwa miaka mingi. Chupa inajazwa, utambi unawashwa, inarushwa majini, samaki wanaelea na matumbawe yanabaki kifusi. Mchezo wetu ulifuata andiko lilivyotaka: mvuvi asiyejua madhara, bomu, mkono umekatika, majuto. Tukausimamisha, tukauliza nani angefanya vingine. Kimya. Watoto wakaanza kurushiana maganda ya machungwa. Mwisho akainuka mzee mmoja wa kikoi, akaja taratibu mpaka katikati, akamshika mwigizaji wetu bega na kumsogeza pembeni. Hakuigiza lolote kuhusu bomu. Alimgeukia kijana wetu mwingine akamwambia, "Haya, wewe ndiye tajiri. Nimekuja kutaka nyavu."

Kijana akabuni. "Nyavu zipo, mzee. Utanilipa kwa samaki."

"Kwa bei gani?"

"Bei yangu."

Uwanja mzima ukaguna. Mzee akasubiri wanyamaze, akatuangalia sisi wageni mmoja mmoja, akasema, "Sasa wanangu, endeleeni na bomu lenu." Akarudi kukaa.

Usiku ule hatukulala. Tulikuwa tumetunga mchezo kuhusu ujinga, na watu walikuwa wanaishi ndani ya deni. Mvuvi mwenye deni la nyavu samaki wake wameshauzwa kabla hajaingia baharini, na bei anapanga anayemdai. Anayemletea baruti anamletea njia ya kupata samaki ambao tajiri hajawahesabu. Baruti hata hivyo ni uharibifu, hakuna aliyebisha. Ila mchezo usiomtaja tajiri wa nyavu ulikuwa unawatukana watazamaji wake.

Kutunga upya kulihitaji siku za ziada kijijini, na fedha iliyobaki ilikuwa kifungu cha fulana na mabango. Nikamwandikia yule mama ujumbe, nikaeleza kilichotokea bila kupamba. Jibu lilikuja jioni ileile: "Fulana zisubiri. Tungeni."

Nalitaja hili kwa sababu miaka ya nyuma nilikuwa nimekutana na jambo la namna hiyo kwa mfadhili mwingine. Ombi la kuhamisha fedha kutoka kifungu kimoja kwenda kingine lilizunguka ofisi zake mpaka mradi ukaisha. Tukachapisha fulana kama tulivyosaini. Bado naziona mjini, zinatumika kufutia bajaji.

Mchezo mpya ulionyeshwa kwenye uwanja uleule na matajiri wa nyavu walikuja, wawili wakiwa wamekasirika. Sitadai kwamba tuliyamaliza mabomu. Miaka iliyofuata yalipungua sana, na sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya doria za serikali. Kilichotoka kwenye kazi yetu ni kidogo zaidi: wavuvi kadhaa wa pale walianza kuchanga fedha za nyavu za pamoja, na walipokwama walituita turudi kuwaigizia ugomvi wao wenyewe. Ungeandika wapi hilo kwenye jedwali la viashiria? Yule mama aliniambia niandike kama lilivyo, kwa maneno, na hakuniuliza idadi.

Wenye fedha wakubwa duniani nao wameanza kulikubali jambo hili. Mwaka 2016 Ford Foundation, mfuko wa Marekani ambao umekuwa na ofisi Nairobi tangu miaka ya 1960, ulianzisha mpango uitwao BUILD wenye dola bilioni 1. Asasi inapewa ruzuku ya miaka 5, inajipangia matumizi, na sehemu ya fedha ni ya kuimarisha asasi yenyewe: uongozi, hesabu, mifumo. Tangu 2020 MacKenzie Scott, tajiri wa Marekani, amekuwa akitoa mabilioni ya dola bila kumpangia anayepokea atumieje. Na kwa wasanii kuna tuzo ya MacArthur ya hukohuko Marekani. Mwaka 2014 aliipata Rick Lowe, msanii ambaye mwaka 1993 yeye na wenzake walianza kukarabati nyumba ndogo 22 zilizochakaa katika mtaa wa watu weusi huko Houston, wakazifanya mahali pa sanaa na makazi ya akina mama vijana wanaolea watoto peke yao. Alipewa dola 625,000 zinazolipwa kwa miaka 5, bila masharti na bila kudaiwa taarifa. Kwetu ruzuku ya thamani ya pikipiki inadai taarifa ya kurasa arobaini.

Lakini tazama miaka. Tuzo ilimkuta Lowe akiwa amefanya kazi ile zaidi ya miaka 20. Kwa wakati huo mtu ameshathibitika, hata mwoga anaweza kumpa. Mimi namtafuta mfadhili wa mwaka wa tatu, ule ambao shauku ya mwanzo imeisha, mradi wa kwanza umefungwa, na waigizaji wazuri wanachukuliwa na tamthilia za televisheni za Dar. Ni mwaka huo vikundi vinakufa.

Hata vinavyojulikana vinayumba. Tamasha la muziki la Sauti za Busara lilianza Zanzibar mwaka 2004, likapata jina Afrika nzima, na bado 2016 halikufanyika kwa sababu fedha hazikutimia. Lilirudi 2017. Chuo cha muziki cha DCMA, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002 na kuwafunza vijana taarab na kidumbaki chini ya mabingwa, kilitangaza mwaka 2019 kwamba kinakaribia kufunga milango kwa kukosa wafadhili. Vyombo vya habari vya nje vikaandika, watu wakachangia, kikaendelea. Kikundi cha Ngamiani kikikwama nani ataandika? Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, asasi za afya ambazo huajiri vikundi vya maigizo kupeleka ujumbe vijijini zilinyamaza ghafla, na wapo wasanii niliowajua walioingia kwenye bodaboda moja kwa moja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa hapa nyumbani. Mwaka 1996 walewale akina Muhando, ambaye wengi humwita Profesa Mlama, na Lihamba walianzisha Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana wanachambua wenyewe kinachowakwamisha shuleni, kisha wanakiigiza mbele ya walimu na wazazi. Baadaye FAWE, shirika la Afrika linalopigania elimu ya wasichana, likaichukua na kuipeleka nchi nyingine nyingi, na Profesa Mlama mwenyewe akawa mkurugenzi mtendaji wa FAWE. Ukiniuliza siri yake, nitakwambia fedha na nafasi zilimfuata mtu na wazo lake kwa muda mrefu. Hakuna aliyemwambia baada ya miezi 12 kwamba mada ya wasichana imepitwa, mwaka huu tunafadhili mazingira.

Kuna wanaosema kufadhili sanaa ni mambo ya Wazungu. Hawajui historia ya pwani. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Zanzibar ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza ganuni, ala ya nyuzi, na ndipo taarab ikapata mizizi Unguja. Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905, kilijengwa na wanachama waliopenda muziki na kuupa muda na mali zao. Mpaka leo nenda kwenye taarab uone akina mama wanavyoinuka kutunza, noti mkononi, mstari wa wimbo ukimgusa mtu penyewe. Fedha ipo na mapenzi yapo. Tatizo la kutunza ni kwamba kunalipa wimbo unaosikika sasa hivi. Hakuna aliyewahi kucheza mpaka jukwaani kutunza kodi ya pango.

Tuna tajiri mmoja wa mbao hapa mjini anayetujazia mafuta ya gari tukitoka kwenda vijijini, miaka sasa. Sharti lake ni moja, tusimtaje. Nilimwomba ruhusa angalau tumshukuru mbele ya watu. Akakataa. "Dada, nikichimba kisima watu wananielewa. Nikitoa kwa wacheza ngoma, Ijumaa wataniuliza." Nimekutana na wengi wa namna yake. Wanatoa kwa msikiti, kwa yatima, kwa futari, na ni wakarimu kweli. Kwa msanii mkono unakuwa mzito kwa kuogopa maneno. Ndiyo maana siku hizi tukionyesha mchezo kuhusu mirathi ya wajane tunamwalika imamu wa pale akae mbele, na baada ya onyesho aeleze sheria inasemaje. Walioanza kutuchangia hadharani wengi wametokea kwenye mchezo huo.

Serikali nayo ina Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na ninaupongeza kwa kurudi kazini. Ila kikubwa unachowapa wasanii ni mikopo. Mwanamuziki anayeuza nyimbo au fundi wa vinyago atakopa na kurejesha. Sisi onyesho letu ni bure kwa mtazamaji, na tukitoza kiingilio anayefungiwa nje ni yuleyule mvuvi. Mkopo wa kazi kama hii utarejeshwa na nani?

Limebaki la viongozi wenyewe, na hili huwa halisemwi kwenye maandiko. Huwa tunakutana, wakuu wa vikundi vichache vya mikoa ya kaskazini na pwani, tunakula, tunalalamika. Ule mfuko ndio unaotulipia nauli za vikao hivyo na hautumi mtu kusikiliza. Hapo ndipo nilipomsikia mwenzangu mmoja akisema aliweka hati ya nyumba yake dhamana ili waigizaji wapate posho, kwa sababu awamu ya fedha ilichelewa. Fedha ilipofika, riba haikuwa na kifungu, akailipa yeye. Mwingine alikuwa hajalala kwake wikendi tangu mwaka uanze. Tunaitwa waasisi, wanaharakati, wanawake wa shoka, majina mazuri mazuri, na hakuna likizo. Huko Los Angeles mfuko uitwao Durfee Foundation umekuwa tangu 1997 ukiwalipia viongozi wa asasi miezi ya mapumziko, mtu aende akalale, akalime, akafanye atakalo, asiguse ofisi. Nilipowasomea wenzangu hilo walidhani natania.

Sisi hatujafika huko. Tulichopata ni mshahara wa msaidizi wa mkurugenzi, kijana aliyetoka kusoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Kwa sababu yake niliweza kukaa na mama yangu alipougua, na vijijini maonyesho yakaendelea. Alibadilisha mwisho wa mchezo mmoja bila kuniuliza, na kusema kweli wa kwake ni mzuri kuliko wangu.

Kwa sasa tunatunga kuhusu mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. Tumekaa na akina mama wa sokoni Mgandini na wa Muheza, tumesikia habari za majiko na magodoro yaliyobebwa mchana kweupe. Habari zilipoenea kwamba tunatunga, kampuni moja ya mikopo ilitupigia. Ilikuwa tayari kudhamini ziara nzima, usafiri, chakula, vipaza sauti vipya. Walitaka bango lao liwepo uwanjani na waupitie mchezo kwanza, "kwa ajili ya usahihi wa taarifa." Vipaza sauti vipya tunavihitaji sana, nikiri. Tulikaa, tukajadili mpaka usiku, tukakataa. Kilichotupa jeuri ya kukataa ni kwamba mwezi ule kila mtu alikuwa ameshalipwa. Kijana wa kampuni akaomba basi angalau wamtume mtu wao aje aangalie. Tukamwambia onyesho ni bure, aje, na akiwa na la kusema aingie uwanjani.